Programu ya Pande Mbili

Mume wangu anajua kompyuta kuliko mtu yeyote ninayemfahamu hapa Kilwa Masoko, na wa kwanza kukwambia hivyo ni yeye mwenyewe. Mimi napiga video za harusi, upande wa wanawake tu: bibi harusi akisingwa mwili kwa manukato, akifundwa, akichezewa ngoma za ndani. Akina mama huniita mimi kwa sababu wanajua picha zao hazitaonwa na mwanamume, hata huyo ninayeishi naye. Basi kompyuta yangu ya mezani ilipoanza kuzimika ovyo, aliyejua kuiokoa alikuwa mtu asiyeruhusiwa kuitazama.

Kazi za wateja hazikunitia wasiwasi, maana kila mmoja ana nakala yake. Kilichoninyima raha ni video moja ya singo ya mpwa wangu, ambamo mama yangu, aliyekuja kutoka Njinjo, anaimba. Mama alifariki baada ya sherehe ile. Alikuwa akizikimbia kamera, kwa hiyo sauti yake haipo mahali pengine popote. Nilishajaribu kuihamishia kwenye diski ya nje, umeme ukakatika katikati, na kilichofika kule kikawa kipande kisichofunguka.

Mume wangu akasema kosa langu ni kuhamisha vitu kwa dirisha moja. Nafungua folda, nanakili, nafunga, nafungua diski, na hapo nimeshasahau nimetoka wapi. Akaniambia ninachohitaji ni programu ya kupangia mafaili yenye pande mbili, huku kompyuta, huku diski, vyote unaviona kwa pamoja. Alilieleza jambo hilo kwa kirefu sana, ingawa mwanamke yeyote aliyewahi kuhamisha mchele kutoka ungo mmoja kwenda mwingine analijua.

Jumamosi, baada ya chai na mihogo, tukaketi kuchagua kwenye kompyuta yake. Yeye ni Mmwera wa Rondo, mimi ni Mmatumbi, na tumeoana kama watani, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna linaloamuliwa kabla mmoja hajawasema ndugu wa mwenzake. Programu aliyoipenda yeye ilikuwa na skrini ya bluu na maandishi membamba, na kila kitu kilifanywa kwa kubonyeza kibodi. Alivyokuwa akibonyeza kwa madaha ungedhani anarusha ndege. Nilimuuliza kama abiria wameshafunga mikanda. Ya pili ilikuwa na rangi nzuri, ila kila tulipogusa mahali ilifungua upande mwingine tena, mpaka tukawa na pande nyingi na hatujui diski iko wapi.

Ya mwisho niliipenda mimi. Ilionyesha ukubwa wa kila faili, na ikikuta majina mawili yanafanana haihamishi kitu mpaka ikuulize: hili kubwa lifutwe, liwekwe hili dogo? Una hakika?

Mume wangu akasema hiyo ni programu ya maswali, na kwamba nimefanana nayo. Nikamwambia ndiyo maana naichukua, kwa kuwa nyumba hii tayari ina mtu asiyependa kuuliza hata njia, na tulishafika naye harusini Kilangala watu wakiosha masufuria. Tukaichukua ya maswali.

Kazi yenyewe ilipoanza, akageuza kiti chake kando ya changu, akaipa skrini mgongo na kuutazama ukuta. Adabu ilimtaka hivyo, maana kuwaona wake za watu ni vibaya, na kumwona mama mkwe wake akicheza ngoma za ndani ni vibaya zaidi. Kwa hiyo alinifundisha kwa mikono. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akasema hapa ndipo kompyuta, akanyoosha wa kulia, akasema hapa diski, toa huku, peleka huku. Mimi kupika, kusuka, kucheza, kila kitu nimefundishwa kwa kufuata mikono ya anayenifundisha. Nikaufuata mkono.

Programu ikauliza swali lake.

"Kubali tu," akasema. "Si nilikwambia inapenda kuuliza?"

Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya. Nikasoma tena. Kubwa lifutwe, liwekwe dogo. Kubwa ndilo lililokuwa na mama yangu. Nikamwomba aniambie polepole, kushoto kwake ni wapi na kushoto kwangu ni wapi. Aliitazama mikono yake, kisha akaishusha mapajani.

"Tumepeana mgongo, kushoto kwangu ni kulia kwako," akasema. "Usiguse kitu."

Nilikasirika hata utani ukaniisha. Nikakataa lile swali, nikafanya mwenyewe bila mkono wa mtu, kutoka kompyuta kwenda diski, na safari hii umeme ukatuhurumia. Ilibaki kuhakikisha kwamba faili limefika lote. Akataka kutoka nje ili nisikilize. Nikamwambia akae, nyimbo nitaziruka, nataka kuona mwisho tu.

Mwisho wenyewe hauna wimbo. Wanawake wanakunja mikeka, wanacheka, kisha mama yangu anaisogelea kamera bila kujua kwamba bado inarekodi, anazungumza nami.

"Mkwe wangu wamempa chakula huko nje? Msimwache na njaa, mtoto wa watu."

Sikukumbuka kabisa kwamba alisema hivyo. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya ukuta, mikono ameikusanya.

"Nimekula, mama," akasema.

Nikalia. Wala hakugeuka mpaka nilipomwambia nimezima.