Bekoni Mkono Huu, Sosi ya Samaki Mkono Ule

Wacha niwaambie hadithi hii mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka Moiben kwa wakwe zangu, kwa sababu huko kila mtu anaisimulia na kila anayeisimulia anaongeza chake (juzi nimesikia ati pasta alizirai, pasta hakuzirai, alimwagikiwa tu). Ni kweli nilimnyang'anya baba mkwe wangu sahani mbele ya pasta na majirani wote, siku ya kumshukuru Mungu kwa kupona kwake. Na ni kweli chakula chenyewe nilikuwa nimekipika mimi.

Mimi kazi yangu ni kuuza mapazia hapa Eldoret mjini. Nimeolewa Moiben, mimi mtu wa Nyeri, na tangu siku ya kwanza kuingia hiyo boma nimekuwa nikitaka waone kwamba kijana wao hakukosea njia. Sasa hiyo ndiyo shida yangu. Mtu akitaja jambo lolote, ng'ombe, mbolea, homa ya watoto, mimi nimeshalisoma mahali.

Mzee Birech, baba mkwe wangu, anapenda bekoni, ile nyama ya nguruwe ya vipande vyembamba, vile wazee wengine wanapenda ugoro. Tukienda kumwona lazima tumbebee pakiti, na anaikaanga mwenyewe, hataki mtu aguse sufuria. Basi mwaka huu presha ikampanda, akalazwa, tukalia tukijua tunampoteza, na alipopata nafuu daktari akamwambia wazi: Mzee, punguza chumvi, punguza mafuta. Akarudi nyumbani amenuna. Mama mkwe akasema Jumapili kutakuwa na maombi ya shukrani, majirani waje, pasta aje, na shemeji yangu Kiprop naye akasema hiyo siku ataleta msichana anayetaka kumuoa, anaitwa Sharon, ndio tumjue.

Huyo Kiprop hukimbia mbio za nje. Safari ya mwisho alikuwa Asia, wenyeji wakampatia kikapu cha zawadi, na ndani kulikuwa na chupa ya sosi ya samaki, ule mchuzi mwembamba wa samaki ambao huko hutiwa kwa chakula. Alifungua, akanusa, akafunga haraka akaniletea mimi. "Shemeji, wewe ndio unajua vitu mpya."

Ningeitupa saa hiyo, leo singekuwa na hadithi. Lakini Jumamosi nikiwa nyumbani nikaitoa, nikatoa na ile pakiti ya bekoni tuliyokuwa tumemnunulia Mzee kabla alazwe, nikaziweka mezani, nikavaa miwani, nikaanza kulinganisha. Bekoni: mafuta mengi, kalori nyingi. Sosi ya samaki: mafuta sifuri, kalori karibu hakuna! Nikatafuta chumvi. Kwa chupa sikuona neno chumvi, niliona sodiamu, na namba yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Nikajiambia, si mwili unahitaji kalsiamu? Si tunaambiwa kila siku tule ndizi tupate potasiamu? Hii sodiamu lazima ni ndugu yao. (Chekeni tu. Mume wangu alikuwa ameketi hapo hapo anaangalia mpira, nikamsomea yote, akasema "sawa kabisa." Hakusikia hata neno moja, lakini mimi nikahesabu hiyo kama kuungwa mkono.)

Jumapili asubuhi tulifika Moiben mapema na nikaomba kupika kitoweo cha kuku. Mama mkwe akashangaa lakini akaniachia. Kila mahali nilipotaka kuweka chumvi niliweka sosi. Nilipoona haionekani nikaongeza, na nilipoonja nikaona imekolea kidogo nikasema ni ile sodiamu inafanya kazi, nusu chupa ikaisha. Harufu ikatoka jikoni ikazunguka nyumba. Mama akaja mlangoni, akasimama, akaangalia chini ya meza.

"Mama Ivy," akaniita kwa jina la mtoto wangu, "kuna panya imekufa hapa?"

"Hapana Mama, hii ni dawa ya Mzee."

Alifungua tu dirisha.

Sasa baada ya maombi, chakula kikiwa kinapakuliwa, pasta akauliza kama kuna mtu wa familia ako na neno. Ningekaa. Haki ya Mungu, ningekaa tu. Lakini nilisimama, pakiti ya bekoni mkono huu, chupa mkono ule, nikasema mimi kama mtu ambaye amesoma mambo ya lishe kidogo (wapi? nimesoma wapi mimi?) nataka kusaidia Mzee wetu. Nikawaonyesha bekoni kama mtu anayeshika nyoka. Nikasema hii inaziba mishipa. Nikainua chupa. Nikasema hii ni samaki mtupu, mafuta sifuri, na zaidi ya hayo, "iko na sodiamu nyingi kuliko bekoni, mara nyingi sana!"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akauliza inauzwa wapi. Mimi nikageuka kwa yule msichana mgeni, aliyekuwa amekaa kimya karibu na Kiprop tangu asubuhi, nikamwambia kwa upole wa mtu mkubwa, "Na wewe Sharon, haya ndio mambo utajifunza ukiolewa hapa."

Akatabasamu akaangalia chini. Lakini Mzee hakuwa ametosheka, unajua ni bekoni yake iliyokuwa inatukanwa. Akasema, "Kiprop, si uliniambia huyu msichana anafanya kazi hospitali?"

"Ndio Mzee. Ni mtaalamu wa lishe."

Jamani.

"Basi aseme," Mzee akasema. "Ni kweli?"

Sharon akajaribu kuniokoa, hilo nitamsifu mpaka nizeeke. Akasema Mama Ivy ana nia nzuri, na ni kweli bekoni ina mafuta na Mzee aipunguze. Mzee akasema, "Hiyo nimesikia. Sema ya samaki."

Hapo akaniangalia kama anayeomba msamaha. "Mama Ivy, sodiamu ndio hiyo chumvi. Na kwa chupa wanapima kijiko kimoja, kwa bekoni wanapima gramu mia, kwa hivyo hazilinganishwi hivyo. Bekoni angalau ina protini ya kushibisha mtu. Hiyo sosi ni kiungo tu, unatia matone kwa sufuria nzima, na chumvi nyingine hauweki."

Matone!

Watu wote walikuwa wananiangalia mimi, lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wa Mzee, kwa sababu alikuwa ameshapewa sahani yake, ya kwanza, imejaa, mchuzi mpaka ukingoni, na wakati tunaongea alikuwa amekata ugali, amechovya, anaupeleka mdomoni. Nilisahau yeye ni baba mkwe. Nilisahau heshima yote niliyofundishwa na mama yangu. Nilipiga kelele "Mzee usile!" nikaruka juu ya miguu ya watu, nikavuta sahani, naye akaishikilia (mtu mzima ananyang'anywa chakula kwake, angefanya nini?), nikavuta tena, ikatoka kwa nguvu na mchuzi wote ukaruka ukamwagikia pasta kifuani, kwa ile suti yake ya kijivu.

Nilibaki nimesimama na sahani tupu mkononi.

Nikasema, "Nimeweka nusu chupa." Halafu nikaanza kulia, si kwa aibu peke yake, nilikuwa nimeona vile ningemrudisha hospitali kwa mikono yangu.

Wa kwanza kusema kitu alikuwa pasta. Alilamba kidole, akakunja uso wote, akaomba maji. Akamaliza kikombe, akaomba kingine. Mzee akamwangalia, mabega yakaanza kutikisika, na nikadhani presha imerudi kumbe ni kicheko, alicheka mpaka Mama akaja kumpiga mgongo.

"Huyu mke wa kijana wangu," akasema akipangusa macho, "alitaka kuniua, akakumbuka."

Siku hiyo wageni walikula ugali na mala, yale maziwa yaliyoganda, na kile kitoweo kilizikwa nyuma ya zizi kwa sababu hata mbwa aliondoka. Sharon alinifuata jikoni nikiosha sufuria, akachukua kitambaa akaanza kupangusa vyombo, na hapo nikajua huyo tutaishi naye vizuri.

Sasa Moiben nzima naitwa Mama Sodiamu. Nimekubali. Ila nimeapa: kitu nisichokijua, nitauliza kabla sijasimama. Na ikiwa nimeshasimama, nitaomba wimbo tuimbe, nikae.