Mgodi wa Nyuma ya Nyumba

Miaka ile nchi ikiitwa Zaire, mtaani kwetu Kolwezi, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mgodi alichimba kamgodi nyuma ya nyumba yake ili sisi wanawake tukaone. Mgodi wa kweli ulikuwa mwiko kwetu: ilisemwa mwanamke akishuka, shaba hujificha. Kiingilio kilikuwa kikombe cha unga wa bukari, ugali wetu.

Je, kamgodi hako kalistahili mtu aharibu Jumapili yake? Jirani yangu wa kushoto alisema ametoka na tope hadi kwenye nyusi, hataki kuuona tena. Wa kulia alirudi akilia, akamchinjia mumewe kuku. Habari ya kuku ikaenea, na waume wote wakaanza kuwahimiza wake zao waende. Isipokuwa wangu.

"Mama, shimo ni shimo tu," aliniambia. "Unatafuta nini kule? Nyuma ya nyumba tuko na shimo ya takataka."

Nilitafuta kujua. Kwa miaka kumi na mmoja nilimuaga kila alfajiri akienda mgodini kama mtu aendaye vitani, na jioni nikafua matope ya nguo zake. Akichelewa kidogo tu, nilikwishaanza kuwaza nani atanishika mkono matangani. Nilitaka kuona hapo panapoweza kunimezea mume, maana yeye mwenyewe hakunieleza neno. Nikimuuliza habari za kazi, anaomba chumvi.

Basi Jumapili tulipotoka kanisani nikamvuta hadi kwa mzee.

Mzee alitangulia kushuka ngazi na taa, mimi nikamfuata, mume wangu akabaki juu. Chini kulikuwa na magogo yaliyoshikilia dari, toroli moja, na pembeni kuku akiatamia mayai.

"Huyu njo kapita, musimamizi wa kazi," mzee alisema akimwonyesha kuku. "Anaikalaka tu, anapigaka makelele."

Nilicheka. Kisha nikagusa ukuta, ulikuwa umelowa maji na wa baridi, na kicheko kikaniisha.

Mzee akaita juu: "Tata, shuka, umuelezee bibi yako kazi!"

Viatu vya mume wangu vikatokea kwenye kipago cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hapo vikasimama. Ngazi nzima ikaanza kutetemeka, udongo ukamwagikia kuku.

"Siwezi," alisema. "Mi hapana shukaka ku mugodi."

"Hata siku moja?" nilimuuliza.

"Ata siku moya. Mi minabakiaka kule juu, minaikalaka ku kiti, minapatiaka benzangu mataa. Ile matope ya ku nguo inatokaka ku mataa yabo."

Mzee, kwa adabu, akageuka kumtazama kuku.

Hasira ilinipanda. Miaka kumi na mmoja ya sala, kumbe mtu amekaa kwenye kiti! Halafu nikaelewa: amekaa kwenye kiti. Kila siku, juu, penye jua. Nikapanda vipago viwili, nikaikumbatia miguu yake kwa nguvu zangu zote, nikilia kwa furaha.

Yeye alidhani namvuta chini, akapiga yowe mtaa mzima ukasikia.