Njia za Katikati

Jana binti yangu alichora mashamba manne yaliyounda mraba mmoja, akahesabu njia za kupita kwenye mipaka yake, kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia, bila kurudi nyuma. Nikasikia tena harufu ya mihogo iliyolowekwa ikiingia darasani kwetu kijijini Kagerankanda, nilipokuwa mdogo.

"Njia ngapi?" mwalimu aliniuliza, akionyesha mchoro kama huo ubaoni.

"Mbili."

Fimbo ikanichana mgongo. "Sita! Nne zinapita katikati, huzioni?"

Nilikuwa naziona. Nilidhani anauliza njia za kufika ukiwa hai. Asubuhi ile baba alikatiza katikati ya mihogo ya jirani, akaitwa mwizi, akaletwa nyumbani kwa baiskeli, bega limepasuliwa kwa panga.

"Sita, mama," binti yangu alisema.

Nikaitikia. Kidole changu kilikuwa bado kinazunguka pembeni mwa mraba.