Mjomba Alinipa Ujuzi Wake, Mimi Nikaupeleka Kwenye Ukaguzi

Admin, nifichie jina, maana Mwembesongo tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nafanya kazi ofisini kwenye kiwanda kidogo cha viungo hapa Morogoro. Wiki nzima situlii, nakaa nasimama.

Kuna mnunuzi wa nje anataka kwanza tukaguliwe kwa kiwango cha kimataifa cha kutunza maarifa. Kwa kifupi, ujuzi wa kazi usikae kichwani mwa mtu mmoja. Kwetu mtu huyo ni mjomba wangu, anayepokea mdalasini kutoka kwa wakulima wa mlimani. Anavunja gome, ananusa, anakwambia huu umekaushwa juani, huu uliwekwa juu ya moshi. Hakosei. Bosi akanipa kazi ya kuandika anachokijua.

Wenzangu wawili walishamhoji, akawajibu, "Mkizoea mtajua." Mimi akanipa yote. Sisi Waluguru mtoto wa dada ndiye mrithi, na huyu ndiye aliyenisomesha. Siku tatu nyumbani kwake tulivunja magome pamoja, akidhani ananirithisha. Nilijua anadhani hivyo. Sikumwambia kuwa ni bosi kanituma, nikaandika.

Jumatatu bosi alisoma mwongozo wote niliouandika, akasema, "Safi sana. Tukishapita ukaguzi mzee akapumzike, mkataba wake hatuongezi. Usimwambie kwanza."

Nilijiona mwizi. Nikizifuta kurasa zile, ukaguzi tunafeli na wakulima wanakosa soko. Nikiziacha, mjomba nimemfukuza kazi mwenyewe.

Mkaguzi anakuja keshokutwa. Mwongozo tulishamtumia, naye kauliza jambo moja: mdalasini uliovunwa wakati wa masika mnautambuaje? Jibu lake halimo kwenye mwongozo. Bosi kasema nilitafute, bila hilo hatupiti.

Leo asubuhi mjomba kanifuata mezani kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kuna kitu sikukwambia siku zile, cha mdalasini wa masika. Chukua kalamu. Hiki usimpe mtu, ni chako na wanao."

Kalamu nikachukua. Kaeleza taratibu, kila neno nimeandika, na daftari liko kwenye mkoba wangu hapa. Bosi kapiga simu mara mbili kuuliza kama nimepata. Sijapokea. Jamani nishaurini, akipiga tena nimwambie nini?