Silinda Nane za Kwenda Kondoa

Mume wangu aliamua kwenda kumwona mama yake kwa gari, kutoka Tottenham mpaka Kondoa. Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, kuukuu, la milango miwili na injini ya silinda nane, lililotengenezwa ili vijana washindane kwenye lami. Alilinunua kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyechoka kulitazama likila kutu. Ilikuwa mwaka wa tisini na ngapi sikumbuki, ila binti yetu ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule.

"Si bora ungetafuta landrova?" nilimuuliza.

"Landrova wanazo mapadri na mabwana shamba. Nani atatoka nje kuangalia?"

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake. Kwetu mtu aliyekaa Ulaya harudi mikono mitupu, na mume wangu, fundi wa gereji ya mabasi, alijitia kichwani kwamba mikono yake itakuwa mitupu mpaka ishike usukani wa kitu ambacho Kondoa nzima haijawahi kukiona. Nauli ya ndege tulikuwa nayo. Mama yake alikuwa anaumwa, miguu imevimba, macho yanafifia. Nilimwambia mara nyingi, panda ndege, mama hatakusubiri. Aliniangalia kana kwamba namtukana.

Kila Jumapili alishuka kwenye banda la magari chini ya fleti zetu. Alikata madigadi kwa msumeno wa umeme ili matairi makubwa yaingie. Akaliinua gari kwa springi za lori dogo, akachomelea bamba la chuma chini ya injini ili mawe ya Sudan yasiipasue, akaongeza tangi la pili la petroli na rejeta kubwa ya kuhimili joto la jangwani. Mezani alinichorea njia kwa kidole: Ufaransa, Italia, meli hadi Misri, jangwa la Sudan, Ethiopia, Moyale, halafu nyumbani. Mimi nililichukia gari lile kama mke mwenza. Miaka ilikwenda, binti yetu akawa mkubwa wa kumpelekea chai kule chini, na siku moja akamwambia, "Dad, just get the plane." Baba yake alicheka, akanywa chai, akarudi uvunguni.

Kondoa tulikuwa tunapiga simu Ijumaa, na Ijumaa moja nilipiga mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari, mama."

"Bado tu halijaisha? Mwambie mimi gari sitaliona, macho yenyewe sina. Aje yeye, nimshike uso."

Nilishuka ngazi mbio nikamweleza neno kwa neno. Alizima mashine, akajifuta mikono. Kisha akasema zimebaki shokapu tu, mwezi ujao anaondoka.

Na kweli aliondoka, au tuseme alijaribu. Kosa lake lilikuwa kuitaja safari msikitini. Watu wa kwetu wakisikia unakwenda nyumbani wanaleta mizigo, na kumkatalia mtu mzigo ni kama kumfungia mlango usoni. Yakaja mabegi ya nguo, masufuria, cherehani, mablanketi, hata kiti cha magurudumu cha baba wa mtu. Mume wangu alipokea vyote. "Lete, lete tu, nafasi ipo." Vilivyokosa nafasi alivifunga juu ya paa. Nilipomwambia gari limeelemewa, alinijibu kwamba springi ni za lori. Springi zilikuwa za lori, bodi haikuwa ya lori. Gari la namna ile halina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na bodi hiyo alikuwa ameikata mwenyewe pande zote.

Dua ikasomwa. Aliwasha injini, watoto wa mtaa wetu wakashangilia, akasogea mpaka kwenye tuta la kwanza, palepale mbele ya fleti zetu. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka, tukasikia bati likipasuka. Gari likapinda katikati, milango ikagoma kufunguka. Mume wangu alibaki mle ndani ameshika usukani, sisi tumemzunguka, naye analia mbele za watu. Ilibidi tumtoe kupitia dirishani. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Mama alifariki kabla mizigo yote haijarudishwa kwa wenyewe. Simu ilikuja asubuhi, na alasiri walikuwa wameshamzika, kama dini yetu inavyotaka. Hakuna ndege ambayo ingewahi. Kesho yake nilimkuta kule chini anachomelea ule ufa.

"Unalitengeneza uende nalo wapi tena?"

"Kaburini kwake," alisema bila kugeuka. "Siwezi kwenda mikono mitupu."

Nilikwenda mimi, kwa ndege, na binti yangu, tukawahi arobaini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wakwe zangu: kwamba mtoto wao amerukwa na akili kwa jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Walitupokea vizuri, tukalia pamoja, wakatupeleka kuliona kaburi. Tulipokuwa tunarudi, kaka yake mkubwa, mtu mpole sana, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, na lile gari limefika wapi?"

Wengine wote wakapunguza mwendo ili wasikie jibu. Kumbe wote walikuwa wakilisubiri. Mume wangu hakuwa mwendawazimu hata kidogo, na hilo lilinikatisha tamaa kuliko wazimu wenyewe.