Mtumbwini na Mama Mkwe

Kijiji chetu cha ujamaa kilipangwa mbugani, karibu na ziwa Kitangiri, ili tulime mpunga na kuvua kwa pamoja. Nyumba zilikaa kwenye mstari ulionyooka, ofisi mwanzoni na ghala mwishoni. Siku tulipohamia, mama mkwe wangu alishuka kutoka kwao juu mwinukoni kuja kuona. Alikanyaga ule udongo mweusi, akamwambia mke wangu kwamba yeye alipokuwa msichana, baba yake alitega migono ya kambale pale pale tulipojenga jiko. Mke wangu aliponisimulia nilicheka. Ilikuwa kiangazi, na ziwa lilikuwa mbali kiasi kwamba akina mama walilalamika kuchota maji.

Mwaka wa tatu mvua hazikukatika. Maji hayakuja kwa kishindo. Kwanza mbuga ilianza kunyonya mguu, kisha asubuhi moja tukaona perege wadogo kwenye mtaro wa ofisi. Wiki ile ile barabara ilizama, na baada yake mashamba. Tukabaki kwenye kipande cha ardhi kavu ambacho mtu angekizunguka kabla uji haujaiva, pamoja na mbuzi, kuku, nyoka waliokimbia maji, na kaya zote ambazo hazikuwahi kuondoka.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumhudumia mke wangu aliyejifungua mtoto wetu wa kwanza. Maji yakamfungia hapo pamoja nasi.

Nieleze jambo hili kwa wasiolijua. Kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake. Hamtazami usoni wala hali chakula naye, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mwingine apite. Kwa heshima hiyo nilihama nyumba yangu ya vyumba viwili, nikawa nalala ghalani juu ya nyavu. Lakini kijiji kilipokuwa kisiwa, majani ya kuingia hayakuwapo tena. Nikitoka ghalani, yuko kwenye kuni. Nikienda kwenye mitumbwi, anafua nguo za mtoto. Tulizoea kugeuka ghafla, mimi huku, yeye kule. Siku nyingine niligeuka mara nyingi mpaka nikakaa tu ghalani mchana kutwa, mlango nimeurudisha, nikisikiliza maji yakigonga ukuta wa nyuma na mwanangu akilia upande wa pili.

Nilikuwa mmoja wa watu wa kikundi cha uvuvi. Tulikuwa na mitumbwi mitatu ya kuchonga. Maji yalipopanda tulikaa kikao tukakubaliana namna ya kwenda. Mtumbwi mmoja usibebe zaidi ya watu wawili, na wawe na kibuyu cha kutolea maji. Mawimbi yakianza kutoa povu, mtu asitoke, na kama ametoka arudi. Lililosisitizwa zaidi ni kwamba mtu asikatishe kwenye migunga iliyozama. Tulichomeka nguzo zenye vitambaa kupitia upande wa wazi, tukizunguka miti yote mpaka mwinukoni. Ilikuwa njia ndefu, lakini chini yake hapakuwa na kitu cha kunasa.

Chakula kilipopungua, mwenyekiti wa kijiji aliagiza wazee wapelekwe mwinukoni. Mtumbwi mmoja ulikuwa umepasuka. Wa pili ulikuwa na kazi ya kuvua kitoweo cha kijiji kizima. Wazee walikuwa wakipelekwa na mwenzangu mmoja, mtu mwenye mzaha, lakini siku ya zamu ya mama mkwe wangu mwiba wa kambale ulikuwa umemchoma kiganjani. Nilimfuata kumwomba.

"Ndugu yangu, mchukue huyu mama. Unajua mimi siwezi."

Alinionyesha mkono. "Umevimba kama andazi. Nipige kasia kwa meno?"

Nikaenda kwa mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu naye alikuwa na mama mkwe.

"Ndugu, sina mtu mwingine wa kumtuma," alisema. "Ama umpeleke, ama abaki hapa anywe haya maji ya tope. Sasa hivi anaharisha, mkeo hajakuambia?"

Hakuwa ameniambia. Nilikubali.

Tuliondoka jua likiwa limetoka tu. Mama mkwe alikaa mbele, kanga imefunika kichwa, mgongo ameuelekeza kwangu. Mimi nilisimama nyuma na upondo. Mtumbwi wetu haukuwa mrefu. Kila nilipoinamia upondo, kivuli changu kilimwangukia mabegani, naye akakaza kanga. Nilijaribu kusimama upande kivuli kiende majini, mtumbwi ukayumba, akashika kingo kwa mikono yote miwili.

Tulipofika kwenye nguzo ya tatu, niliuona mwinuko. Ulikuwa mbele yetu moja kwa moja, ng'ambo ya migunga, karibu sana, mpaka moshi wa majiko yao ulionekana. Kwa njia ya nguzo tungefika karibu na adhuhuri. Kwa kukatisha, nilidhani, tungefika kabla umande haujakauka. Sikuwa nimesahau tulichokubaliana. Mimi mwenyewe ndiye niliyefunga vile vitambaa. Nilichotaka ni mambo yaishe, nimshushe yule mama, nipumue. Nikageuza mtumbwi nikaingia kwenye miti.

Ndani mlikuwa kimya. Matawi ya juu tu yalikuwa nje ya maji, na miiba yake ilipita usawa wa nyuso zetu. Mama aliinama. Nikapiga upondo kwa nguvu zaidi, na hapo mtumbwi ulipanda kitu, ukalia, ukasimama. Mbele palinyanyuka kidogo, kisha pakakaa.

"Mungu wangu," alisema mama.

Tulikuwa juu ya kisiki. Nilisukuma upondo chini ili turudi nyuma. Ulizama kwenye tope, mtumbwi ukazunguka kidogo palepale ulipokalia, na upondo ukanitoka mikononi. Ulibaki umesimama ndani ya maji, mbali kidogo tu na ncha ya vidole vyangu. Nikachukua kasia. Halikufika chini. Nikasukuma tawi, likavunjika. Kisha nikahisi unyayo wangu unalowa. Mtumbwi ulikuwa umepata ufa.

Nilivua shati nishuke.

"Usishuke."

Lilikuwa neno la kwanza kuniambia mimi mwenyewe tangu nioe binti yake. Hakugeuka.

"Mama, nikishuka nitausukuma utoke."

"Huoni mguu wako unapokwenda. Chini huko miti imejaa, yote ina miiba. Ukinasa, mimi nitakutoa vipi?"

Kabla sijajibu, kiboko alikoroma mahali fulani nyuma ya matawi, hatukumwona. Nikavaa shati langu.

Alivua kanga ya kichwani, akachana kipande kwa meno, akakitupa nyuma bila kuangalia. "Ziba hapo." Nikaziba. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, na niliona aibu kuziona kuliko nilivyoona aibu ya kisiki.

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Hakuna aliyepita, kwa kuwa wengine wote walikuwa wakifuata nguzo. Sauti zao nilizisikia mara moja, mbali upande wa wazi, mtu akicheka. Nikaita tena. Cheko likaendelea kwenda.

Jua lilipanda likasimama juu yetu. Hakuna kitu kinachochosha kama kukaa mahali ambapo huwezi kunyoosha mguu bila kumgusa mtu usiyepaswa kumgusa. Mguu wangu wa kulia ulikufa ganzi. Nilihesabu miiba kwenye tawi moja. Nilitoa maji kwa kibuyu, nikapumzika, nikatoa tena. Mwinuko ulikuwa palepale, na jogoo wao aliwika.

Baadaye mama alianza kuhangaika. Aliinuka kidogo akakaa, akainuka tena. Mimi nilidhani ni mgongo. Kisha nikakumbuka maneno ya mwenyekiti kuhusu tumbo lake, nikatamani maji yanimeze. Hakuweza kuniambia, na mimi sikuweza kumuuliza. Nilivuta shati nikajifunika kichwa, nikampa mgongo, nikaanza kuimba kwa sauti kubwa wimbo wa kuhimiza pamba tuliofundishwa shuleni. Niliimba beti zote. Zilipoisha nikarudia. Nilisikia mtumbwi ukiyumba, nikashika kingo, nikazidisha sauti. Mara ya tatu nilipofika kwenye kiitikio alikohoa, nikanyamaza.

"Asante, baba," alisema.

Kisha upepo ukaanza. Ulianza kwenye vilele vya matawi, ukashuka. Maji yaliyokuwa kimya tangu asubuhi yakaanza kupiga ubavu wa mtumbwi, na kila pigo lilipenyeza kidogo pale kwenye kitambaa. Nilitoa maji bila kupumzika, lakini yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mama alikuwa akiyatazama yakipanda.

"Mkwe," alisema.

"Naam, mama."

"Uzito uliotukalisha hapa ni wangu."

Nilimwaga kibuyu kingine.

"Mimi nimekaa mbele, na kisiki kiko mbele. Nikija huko uliko, mbele patanyanyuka. Baba yangu alikuwa akifanya hivyo. Nimejua tangu asubuhi."

"Hata mimi nimejua tangu asubuhi, mama," nilisema.

Na ilikuwa kweli. Mtu yeyote aliyewahi kupanda mtumbwi angejua. Tulikuwa tumekaa pale nusu ya siku, kila mmoja akimngoja mwingine alitaje jambo ambalo hakuna aliyeweza kulitaja.

"Haya," alisema. "Ukitaka fumba macho, lakini unishike nisianguke."

Alikuja kinyumenyume, akitambaa, mkono huku na mkono huku. Sikufumba macho, maana ningemwangusha. Nilimshika chini ya mabega nikamvuta mpaka akakaa kati ya magoti yangu, kama mtoto anayesukwa nywele. Alikuwa mwepesi, na alikuwa anatetemeka. Nyuma palididimia mpaka maji yakabaki chini ya kingo kwa upana wa vidole viwili. Mbele pakalia, pakanyanyuka. Nikasukuma tawi nene la mgunga kwa kasia mara moja, mara mbili. Tulitoka ghafla hata karibu tupinduke.

"Rudi katikati, mama, upesi!"

Aligeuka akishika magoti yangu, akatambaa kinyumenyume mpaka katikati. Mawimbi hayakumruhusu kugeuka tena, kwa hiyo alikaa hivyohivyo, uso wake ukitazama wangu. Nilimrushia kibuyu. Akaanza kutoa maji, nami nikapiga kasia kurudi kwenye nguzo, upande wa wazi. Njia yote tuliyobakiwa nayo tulikwenda tukitazamana. Ana kidevu cha mke wangu. Sikuwa nimekijua. Mawimbi yalikuwa tayari yana povu, na nilijua nimevunja sheria ya pili, ila pa kurudi hapakuwapo. Kila wimbi lilipotujia ubavuni aliniambia, "Hilo, lipe pua," nami nikaligeuzia mbele ya mtumbwi. Hakukosea hata moja.

Tulikwama kwenye mabua ya mtama pembezoni mwa mwinuko, jua likielekea kuzama. Kaka yake aliingia majini akampokea. Aliposimama nchi kavu alifunika kichwa kwa kipande cha kanga kilichobaki, akanigeuzia mgongo, akasema kwa Kinyiramba maneno ambayo tafsiri yake ni kwamba nimsalimie mtoto. Kisha akapanda kilima.

Nililala kwa kaka yake, tukaziba ufa, na kesho yake upepo ulipotulia nikarudi kwa njia ndefu. Mwenyekiti aliuliza mtumbwi umepasuka wapi. Nilisema upepo ulitusukuma kwenye miti.

Yule mwenzangu wa mkono uliovimba hakusema kitu siku ile. Mkono ulipopona alikwenda kuvua, akarudi na upondo wangu begani. Akausimamisha mbele ya kikundi kizima.

"Nimeukuta katikati ya migunga, umechomekwa kama mlingoti wa bendera. Huo upepo ulikusukuma wewe na upondo pia ukauchomeka?"

Watu walicheka. Nikasema kweli. Nilisema nilikatisha kwa sababu ya aibu, na kwamba nusura nimzamishe mama wa watu ili nisikae naye mpaka adhuhuri. Hapo hawakucheka tena. Mwenyekiti alisema nisiguse kasia mpaka maji yapungue, na hakuna aliyenitetea, wala mimi mwenyewe. Aliongeza kwamba tangu siku hiyo mkwe asipewe mkwe wake kumvusha, hata kama wazee itabidi wangoje.

Kwa hiyo nilibaki pale. Wenzangu waliondoka kila asubuhi, mimi nikatengeneza nyavu mlangoni kwa ghala. Nilikijua kila kijiti cha kisiwa kile. Nilipanga mawe pembeni ya maji kuona kama yanashuka, na asubuhi niliyakuta yamezama. Nilirudi kulala nyumbani kwangu, hilo lilikuwa jema, lakini hata humo ndani nilikuwa kama mtu aliyefungiwa.

Jioni moja mke wangu, akimnyonyesha mtoto, aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mama aliogopa?"

"Aliogopa."

"Ulijuaje? Si alikupa mgongo?"

Nikamsimulia yote, pamoja na ule wimbo. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa akalia, kisha naye akalia, akasema mama yake hakupata kumwambia hata mara moja kwamba anaogopa kitu. Alitaka nimweleze tena jinsi alivyokuwa anatetemeka. Nikamweleza tena, polepole, yeye ametazama mlangoni, nje maji yakiwa yamefika kwenye mawe mengine niliyoyapanga asubuhi.