Godoro la Watu Wawili

Daktari hakuniambia kwamba mume wangu anakufa. Aliniambia nimtafutie godoro zuri. Alikuwa ameshika picha za mgongo wake, akaziangalia tena kana kwamba huenda zimebadilika, kisha akaniuliza nyumbani tunalalia nini. Nikamwambia godoro la sufi. Akasema, "Mama, mtafutie godoro zuri, alale vizuri." Mimi nimefundisha darasa la nne kwa miaka mingi, namjua mtu anayekwepa swali. Nikazitia picha kwenye bahasha nikatoka nje alikokuwa amekaa mume wangu, nikamweleza kuwa tumeambiwa tununue godoro. Akacheka. "Tumetoka Bagamoyo mpaka Dar," akasema, "kuja kuambiwa tukanunue godoro."

Hilo la sufi tulipewa na mama yake tulipooana. Alilijaza kwa mikono yake, sufi ya mti uliokuwa nyuma ya nyumba yao Mbegani, na mbegu alizozisahau humo zilitufinya mbavu miaka yote. Kila mwaka nililifumua, nikaianika sufi juani, nikaichambua na kulijaza upya, lakini katikati lilikuwa na bonde lisilokubali kujazwa. Tulilala ndani ya bonde hilo miaka thelathini na mmoja. Tuligombana kwa mengi, maana mimi mdomo wangu haujui kupumzika na yeye alikuwa mtu wa kununa siku tatu, lakini hapakuwa na siku ambayo mmoja wetu alihama kitanda. Ukinuna, unanuna ndani ya bonde, mgongo kwa mgongo. Kitanda chenyewe alikichonga yeye, kwa kuwa alikuwa seremala: mninga mtupu, futi tano kwa sita.

Ugonjwa ulipomwingia mgongoni akawa hawezi kujinyanyua kutoka kwenye bonde lile. Akatandika mkeka sakafuni, karibu na ukuta. Alisema ni mpaka mgongo upoe. Mimi nilikuwa na bahasha ile kabatini na nilijua mgongo haupoi. Nilichokitaka kilikuwa kidogo, na sasa sioni haya kukiandika: nilitaka arudi kitandani, tulale pamoja mpaka siku yake ifike. Kupona nilishamwachia Mungu.

Duka lilikuwa Tegeta, kando ya barabara ya Bagamoyo. Mwenyewe ni Mwarabu wa kwetu, mtaa mmoja na sisi, rafiki wa marehemu kaka yangu. Utotoni alikula kwetu mara nyingi kuliko kwao. Nililichagua duka lake kwa sababu hiyo, nikijiambia mtu wa nyumbani hatanidanganya. Kweli hakunidanganya. Jirani yetu alitupeleka kwa gari lake, mume wangu amelazwa kiti cha nyuma, akiyahesabu matuta ya barabarani kwa kuuma meno.

"Shemeji, karibu, karibu," mwenye duka akasema, akampokea kwa mikono miwili. Akatuulizia watoto, akatuulizia mtaa mzima, akamrehemu kaka yangu. Kisha akatupeleka nyuma, kwenye magodoro mawili yaliyotandikwa juu ya mbao.

"Hili ni mpira mtupu, utomvu wa mti. Wanaliita lateksi. Gumu kidogo, lakini limetulia. Akigeuka mmoja, mwenzake hana habari. Na hili ni mchanganyiko, chini springi, juu mpira. Hili laini, watu wanalipenda. Sasa dada yangu, nisikilizeni. Godoro la watu wawili halijaribiwi na mtu mmoja. Vueni viatu mlale wote, mgeukegeuke kidogo. Mimi natoka nje."

Na akatoka kweli, akasimama barazani akatupa mgongo.

Asiyelelewa kwetu atashangaa. Mama yangu alizaa watoto saba na sijapata kumwona amekaa kitanda kimoja na baba yangu, hata kumvalisha soksi alipokuwa mgonjwa. Mume wangu hakuwahi kunishika mkono barabarani. Na yule aliyesimama barazani alikuwa sawa na kaka yangu. Angejua. Hata asingegeuka, angejua kwamba nyuma ya mgongo wake dada yake amelala na mumewe. Lingekuwa duka la mtu baki, huenda ningethubutu. Tukaangaliana.

"Lala wewe kwanza," mume wangu akasema.

"Mgonjwa ni wewe."

Nikamshika mabega nikamlaza kwenye la mpira mtupu, nikarudi hatua mbili na kujifanya natazama vyandarua. Akakaa kidogo akasema linanuka tairi. Nikamhamishia kwenye lile la springi. Hapo alifumba macho, na kile kikunjo kilichokaa katikati ya nyusi zake tangu Ramadhani kikafunguka. Niliuona uso wake wa zamani. Nikasema moyoni, basi, tumepata.

Mimi niliketi ukingoni kwa tako moja, nikalibonyeza kwa kiganja kama anayechagua papai, nikasimama upesi kabla mtu hajapita.

Mwenye duka aliporudi aliuliza, "Mmelala wote wawili?"

"Tumelala," mume wangu akajibu.

Huyu seremala wangu alikuwa mtu wa kumwonyesha mteja tundu la mdudu kwenye ubao ambao mteja hajauona. Sijawahi kumsikia akimdanganya mtu, si kabla ya siku ile wala baada yake. Aliudanganya mgongo wake mwenyewe, na mimi nikanyamaza.

Godoro likaja kwa kigari cha kirikuu siku ya Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini. La sufi nilimpa jirani siku hiyohiyo, nikiwa na furaha ya kijinga. Baada ya chakula cha mchana mume wangu akapanda kitandani, akajinyoosha, akanipigia godoro kwa mkono upande wangu. Nikapanda.

Mimi ni mwanamke mzito. Yeye kwa wakati ule alikuwa amebaki mifupa na shati. Upande wangu ulizama, wake ukainuka, akaporomoka kunijia mpaka nyonga yake ikagonga yangu, na akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Niliruka chini. Kuruka kwangu kukamrusha na yeye, akaumia mara ya pili. Tulijaribu tena kwa kuweka mito katikati. Tulijaribu nikilala miguuni pake. Nilijaribu ukingoni kabisa, nimeng'ang'ania mbao za kitanda alizozichonga mwenyewe, sipumui. Nikipumua, anakunja uso. Niliposhuka, godoro likatulia, na ndani ya dakika chache alikuwa amelala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Basi nikauchukua mkeka wake.

Mwenye duka alikuwa ametuambia lisipofaa tulirudishe ndani ya wiki, atupe jingine. Siku ya tatu nikampigia simu nikiwa jikoni, mlango nimeufunga.

"Tatizo nini, dada yangu? Springi imekatika?"

Kulitaja tatizo ni kumwambia kwamba nataka kulala na mume wangu na siwezi. Nimwambie mtu wa nyumbani, rafiki wa kaka yangu, mimi mwanamke mwenye wajukuu, na mume wangu anakufa. Tena angeniuliza, si mlisema mlilijaribu wote? Ningemfanya mume wangu mwongo katika siku zake za mwisho.

"Hakuna tatizo," nikasema. "Nimepiga kukusalimu tu."

"Alhamdulillahi. Nisalimie shemeji."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikakata simu, nikarudi kukuna nazi, na nazi ile niliikuna kwa hasira mpaka nikajikuna kidole.

Tukaishi hivyo, yeye juu na mimi chini. Aliuteremsha mkono wake nami nikauinua wangu, tukazungumza bila kuonana. Alinisimulia mambo ya mbao, mlango gani mjini aliuchonga yeye na upi ni wa mwalimu wake. Binti yetu alipokuja kutoka Vigwaza alinikuta pale sakafuni, akanisifu mbele ya wageni: mama anajitesa, kamwachia baba kitanda kizima, nani siku hizi ana mapenzi kama hayo. Wageni wakaitikia mashaallah. Nilitamani kumtupia sufuria. Hayakuwa mapenzi. Ilikuwa aibu ya dukani, imenifuata mpaka chumbani.

Alasiri moja, nimemaliza kumpa uji, akaniambia, "Panda."

"Nitakuumiza."

"Niumize kidogo."

Alisema kama anayeomba chumvi. Nilimtazama. Mabega yake yalikuwa yamechongoka, ngozi imekuwa karatasi, na dawa ya maumivu alikuwa ameimeza muda si mrefu. Nikamwambia leo apumzike, kesho akiamka na nguvu tutajaribu. Niliongea kwa ile sauti yangu ya darasani. Akasema, "Haya." Hakununa, na laiti angenuna. Aliteremsha mkono wake kama kawaida, nikaushika.

Hiyo kesho haikuwa na nguvu, wala ya pili yake. Siku ya nne, jua likianza kupanda, mkono ulikuwa bado unaning'inia lakini haukunishika tena.

Waoshaji walipomchukua, wanawake walilitoa godoro chumbani ili mikeka ya msiba itandikwe, wakaliegemeza ukutani uani. Wifi yangu akalipapasa akasema, "Godoro zuri hili. Ndugu yangu alipumzika." Nikamwambia ndiyo, alipumzika.

Hitima ilipokwisha na watu kutawanyika, nikabaki na binti yangu na eda yangu. Alilirudisha godoro kitandani, akatandika shuka jipya, akanijia nilipokuwa nimejikunja. "Mama, huna sababu tena ya kulala chini."

Nikapanda. Kwa mazoea nilikwenda ukingoni, nikashika mbao. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna wa kumwumiza, nikasogea katikati. Hakuna upande uliozama wala ulioinuka. Lilinipokea sawasawa mwili mzima, kiuno na mgongo na shingo, kama lilivyompokea yeye siku ile dukani nilipokuwa nimesimama natazama vyandarua.